Nataka kumtengenezea Mama meza ya mti wa Baba, ndugu zangu wanasema nakwepa mchango

SWALI

Hujambo Mama? Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na tunaishi katika nyumba ya kupanga hapa Kisumu. Kazi yangu ni uhasibu, lakini Jumamosi nashinda kwa fundi mmoja wa mbao karibu na soko la Kibuye. Nilianza kwa kumtazama tu, nikawa namshikia ubao anapopiga randa, na siku hizi ananiachia patasi nifanye kazi yangu. Nimetengeneza stuli, rafu ya vitabu na kitanda cha mtoto wetu, na vyote vimesimama imara.

Mamangu ni mwalimu mstaafu. Tangu Baba afariki, anaishi nyumbani kwetu Vihiga na binti wa jamaa anayemsaidia kazi. Mwezi wa Aprili upepo uliangusha mgrevilea mkubwa ambao Baba aliupanda nilipokuwa mdogo. Niliita watu wa pawa, yaani msumeno wa injini, nikawalipa mwenyewe, wakaupasua mbao za inchi mbili na nyingine za inchi moja, nikazilaza kwenye stoo ya mahindi. Siku hiyohiyo niliamua kwamba Krismasi hii, tukirudi nyumbani sote, Mama atapata meza ya kulia ya watu wanane pamoja na viti vyake, yote kutoka mti wa Baba na kwa mkono wangu. Sijamwambia. Nataka aione siku hiyo tu.

Tumezaliwa watano. Mwezi wa Juni kakangu mkubwa alifungua kundi la WhatsApp na kupendekeza kila mmoja atoe shilingi 20,000 ili tumnunulie Mama seti ya sofa na meza ya kulia kutoka dukani. Nikaandika kwamba meza na viti nitaleta mimi, kwa hivyo nisihesabiwe kwenye mchango. Moto ukawaka. Dadangu akasema Mama hastahili kupelekewa vitu vya jua kali. Kakangu akasema nakwepa mchango, na akaongeza kwamba mti wa Baba ni wa watoto wote. Hilo la mti sikulielewa, maana wakati wa kulipa wapasuaji hakuna aliyetoa hata shilingi.

Mwezi wa Agosti nilifika nyumbani nikamkuta Mama anakula mlangoni mwa jikoni, amekaa kwenye kistuli kifupi, sahani magotini. Meza ya zamani ilikuwa imejaa vitabu, redio na dawa zake. Alipotaka kuinuka alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na mwingine akaukaza gotini. Roho iliniuma. Nikajiambia meza mpya itamrudisha ndani ale kama mtu.

Ila kazi haiendi vizuri. Mbao mbili nilizounganisha kwa gundi mwezi uliopita kwa ajili ya uso wa meza zimejikunja, na gundi imeachia upande mmoja. Kwa kuwa karakana ya fundi ina kazi nyingi, jioni huleta vipande nyumbani nikavipiga msasa sebuleni. Mke wangu hafurahii. Anasema vumbi linamkohoza mtoto, na kweli usiku anakohoa. Mimi mwenyewe mikono huniwasha kutoka vifundoni hadi kwenye viwiko, lakini hiyo nimeizoea. Alikasirika pia nilipotumia shilingi 18,000 kununua keekee ya umeme na seti ya patasi kabla ya kumwambia. Juzi aliniambia, "Mimi pia nina mama, na hujawahi kumpigilia hata msumari." Sikuwa na la kujibu.

Niendelee kimyakimya mpaka nimalize, waje waone wenyewe Krismasi? Au niachane na mbao nitoe pesa kama wengine?

Fundi wa Jumamosi, Kisumu

JIBU

Mwanangu, asante kwa kuniamini na jambo la nyumbani kwenu. Nitaanza na lile uliloliandika harakaharaka karibu na mwisho, yaani kikohozi cha mtoto. Kupiga msasa ndani ya nyumba kukome leo, usingoje kumaliza vipande vilivyobaki. Vumbi la msasa ni jembamba mno, linaendelea kuelea hewani baada ya wewe kufagia na kwenda kulala, kisha linatua sakafuni, na sakafuni ndiko mtoto wa umri huo anakoshinda. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wetu wengi hufanya kazi bila hata kitambaa puani, na wewe umejifunza kutoka kwao, kwa hivyo naelewa jinsi ulivyofika hapo. Mpeleke mtoto kliniki na umtajie daktari habari za vumbi. Asipoambiwa, atatibu mafua.

Na hiyo mikono inayowasha usiizoee. Mgrevilea unajulikana kwa kuwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa utomvu wake na kwa vumbi lake, na ngozi iliyokwisha kuukataa mti huo mara nyingi huzidi kuukataa kila inapougusa tena. Vaa shati la mikono mirefu, na barakoa inayobana usoni badala ya leso. Ukitoka kazini nawa hadi juu ya viwiko na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ukiona malengelenge, nenda hospitali. Fundi wako mpe chochote kila mwezi akuachie kona ya karakana jioni. Hiyo ni gharama halali ya kazi kama gundi na misumari. Na kwa kuwa kitanda cha mtoto umekiunda mwenyewe, leo jioni chukua futi upime nafasi kati ya fito na fito. Isizidi sentimita 6. Ikizidi, ongeza fito.

Sasa tuje kwa Mama.

Barua yako nimeirudia, na jambo moja limenikaa rohoni. Tunajua kakako alisema nini, dadako alisema nini, mkeo alisema nini. Mama hajasema neno hata moja. Vurugu yote hii ni kwa ajili yake, na hakuna kati yenu watano aliyemuuliza anataka nini, wewe na meza yako, wao na sofa zao. Basi siri hiyo ivunje wiki hii. Siri inafaa kwa leso au saa ya mkononi, kwa kuwa isipompendeza ataihifadhi kabatini na maisha yataendelea. Meza ya watu wanane inakaa katikati ya nyumba. Ataizunguka kila siku kwenda chumbani, ataipangusa, na siku ambazo hamko, ambazo ndizo nyingi, atakaa peke yake mbele ya viti saba vitupu. Hilo ulilifikiria?

Kuna pia hiyo meza ya zamani. Umeitaja kama kitu cha kuondolewa tu. Ina vitabu vyake, redio yake na dawa zake, kwa maana kwamba ndiyo ofisi yake na duka lake la dawa, na bila shaka alikula hapo na Baba yako kwa miaka. Ukiingia Krismasi na meza mpya, hiyo itapelekwa wapi, na nani atakayeibeba mbele ya macho yake? Mjane hufikia mahali vitu vya nyumba vinakuwa na majina ya watu. Huenda anataka itoke. Huenda anataka tu mguu wake ukazwe na ipigwe vanishi upya. Muulize.

Halafu nikuonyeshe ulichokiona Agosti, kwa maana umekiandika vizuri kuliko ulivyokielewa. Mama anakula mlangoni mwa jikoni kwa hiari yake, naamini, kwa sababu hapo pana mwanga, pana joto la jiko, na pana mtu wa kuzungumza naye. Shida yake uliiona alipoinuka, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango na mwingine gotini. Magoti yanamuuma na kistuli ni kifupi mno. Anahitaji kiti. Kiti kimoja, cha kwake, chenye mikono, kilichopimwa kwa mwili wake, kinachoweza kusogezwa kutoka mlangoni mwa jikoni hadi barazani jua linapogeuka. Kazi hiyo unaiweza kabla ya Krismasi na utaifanya vizuri. Dukani hakipatikani, kwa kuwa kiti cha duka kimepimwa kwa mtu yeyote.

Nenda nyumbani Jumamosi moja na futi yako badala ya kwenda Kibuye. Mkalishe kwenye benchi au meza imara, awe amevaa viatu anavyovaa nyumbani, nyayo zikiwa zimelala chini. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Viti vingi vya kawaida huwa na kikalio cha inchi 17 au 18 kutoka chini. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ongeza kidogo juu ya kipimo chake, inchi moja inatosha, kwa sababu kadiri kiti kinavyokuwa kifupi ndivyo goti linavyofanya kazi zaidi kuinua mwili. Usiongeze mpaka nyayo zining'inie. Kisha pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe upana wa vidole vitatu. Hicho ndicho kina cha kikalio. Ukikifanya kirefu zaidi, ukingo utambana mishipa nyuma ya magoti, naye atakaa mbele mbele bila kufikia egemeo la mgongo.

Mikono ya kiti ndiyo roho ya kazi hii. Mwambie akunje kiwiko mkono ukiwa umetulia ubavuni, upime kutoka kwenye kikalio hadi chini ya kiwiko. Kwa watu wengi huwa kati ya inchi 7 na 9. Urefu wa mkono wa kiti ufike mbele kabisa, usawa na ukingo wa kikalio, usiishie katikati kama vilivyo viti vingi vya sebuleni. Mtu anayeinuka hujisukuma kwa viganja akiwa ameinama mbele, na pasipo na kitu cha kushika mbele, mkono hauna msaada. Ncha yake iviringe, uipige msasa mpaka kiganja kiifumbate bila kukwaruzwa. Na chini ya kikalio, upande wa mbele, usiweke ubao wa kukaza miguu. Ulipomtazama Mama akiinuka, naamini alirudisha kwanza nyayo zake nyuma, chini yake. Kila mtu hufanya hivyo. Ubao ukiwa hapo mbele, visigino vitagonga, na kila atakapotaka kusimama atahangaika. Ukazaji uweke ubavuni na nyuma.

Kikalio kiinamishe kidogo sana kuelekea nyuma, kwa maana kikiinama mno kinamvuta chini anapotaka kutoka. Miguu ya mbele iache wima. Ya nyuma unaweza kuilaza kidogo kuanzia kikalio kwenda juu ili mgongo upate pa kuegemea, na hapo muombe fundi wako asimame nawe, kwa kuwa viungo vya pembe ndivyo vinavyowashinda wanaoanza. Usiegemee misumari. Chonga ulimi kwenye ncha ya ubao, tundu kwenye mguu, uingie kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mti. Stuli zako zimesimama imara, kwa hivyo najua mkono huo unao.

Kuhusu mbao. Zile ulizounganisha zikajikunja hazikukuangusha kwa sababu ya ufundi wako, zilikuwa mbichi. Mti ukishapasuliwa huendelea kutoa maji kwa miezi mingi, na unapokauka hupungua kwa upana, kwa urefu karibu haupungui. Uso wa meza wenye upana wa futi tatu, uliounganishwa kwa mbao mbichi za mti kama huo, unaweza kupungua zaidi ya inchi moja mpaka ukauke. Ukiwa umeupigilia kwenye fremu hauna pa kwenda, basi hupasuka katikati au huachia gundi. Mbao za inchi mbili zilizopasuliwa Aprili, zikalazwa kwenye stoo, katika mvua za Vihiga, hazitakuwa tayari kuwa meza Desemba. Huo ndio ukweli hata kama ndugu zako wote wangekuwa upande wako.

Hujaniambia ulizilazaje. Ikiwa zimelala ubao juu ya ubao, siku utakayokwenda kumpima Mama zipange upya. Weka matofali chini, ubao wa kwanza juu yake, kisha vijiti vikavu vya unene wa inchi moja kila baada ya futi moja na nusu, ubao mwingine, vijiti tena, na vijiti vya kila safu vilingane wima na vya safu ya chini, la sivyo mbao zitapinda katikati. Upepo upite pande zote, jua na mvua visizifikie. Ncha zake zipake rangi yoyote kuukuu, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi nchani, na nyufa huanzia hapo. Juu kabisa weka mawe mazito. Chukua kipande kimoja ukipime kwenye mizani ya duka jirani, uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe pamoja na tarehe. Kila ukifika nyumbani kipime tena. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukigoma kushuka ziara baada ya ziara, ubao umekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu, na hapo ndipo utazungumza habari za meza.

Kiti hakina shida hiyo, na hapa nina furaha kukuambia kwamba mti wa Baba unaweza kuingia humo mwaka huu. Sehemu za kiti ni nyembamba. Ubao mpana wa inchi mbili ukiurarua vipande vya inchi mbili kwa mbili, hewa inavigusa pande zote nne na vinakauka upesi kuliko ubao mzima. Vikate sasa, vikiwa vinene kidogo kuliko unavyotaka viwe mwishoni, uvilete Kisumu, kwa kuwa huku chini kando ya ziwa kuna joto zaidi kuliko Vihiga, uviache karakanani mahali pa upepo vikiwa vimetengana. Vitapinda kidogo. Viache vipinde, kisha mwezi wa mwisho uvipige randa vinyooke. Vile vijiti vya kukaza miguu vikaushe zaidi ya miguu yenyewe, uviweke karibu na jiko, siyo juu ya moto, siku kadhaa kabla ya kuunganisha. Mafundi wa viti wa zamani walijua siri hii: ulimi mkavu ukiingia kwenye mguu ambao bado una unyevu kidogo, ulimi hunywa unyevu huo na kuvimba, mguu nao hukauka na kuubana. Kiungo hicho kinazidi kukaza.

Chagua vipande vyenye nyuzi zilizonyooka toka ncha hadi ncha, hasa vya miguu. Epuka moyo wa mti, ule wa katikati kabisa, kwa kuwa hapo mbao hupasuka, na uondoe sehemu nyeupe ya pembeni ambayo bungua wanaipenda. Ukiona vitundu vidogo na unga laini chini yake, kipande hicho ni cha jiko. Kisha tafuta ule ubao ambao wapasuaji waliupasua kuelekea moyo wa mti. Utautambua kwa mabaka yanayometameta unapouinamisha kwenye mwanga, ambayo mgrevilea umejaliwa kuliko miti mingi ya mashambani kwetu. Huo uuhifadhi kwa mikono ya kiti, ambapo Mama atauona na kuushika kila siku. Kama kufikia Novemba vipande vya miguu bado ni vizito, nunua miguu ya mahogani kavu kwenye yadi ya mbao na uuache mti wa Baba ukae mikononi na mgongoni. Kiti hakitapungua hadhi.

Sasa mchango. Toa pesa. Meza isingekuwa badala ya mchango, na kiti pia hakitakuwa. Ulipoandika kwenye kundi kwamba usihesabiwe, uliwalazimisha ndugu zako waitie bei kazi ya mikono yako, na wao wakaitia bei ndogo kama mtu yeyote asiyejua randa ina uzito gani. Mchango wa familia ni kuonekana pamoja mbele ya mzazi. Zawadi ya mkono wako ni kati yako na Mama. Kama shilingi 20,000 zimekuelemea baada ya zile patasi, mpigie kakako simu, usimwandikie, umwambie utatoa kwa awamu mpaka Desemba. Na mkishakuwa mmemuuliza Mama, huenda hata orodha ya vitu vya dukani ikabadilika, pesa zenu zikaenda kwenye tangi la maji, au matibabu ya hayo magoti, ambayo sijasikia yeyote kati yenu akiyataja. Muwahishe kwa daktari wa mifupa kabla ya Krismasi. Kiti kinapunguza maumivu, hakiyatibu.

Neno la dadako kuhusu jua kali lilikuchoma, na lilinichoma mimi pia nikilisoma. Sofa nyingi zinazometa madukani zimeundwa na mikono ileile ya jua kali, kisha zikavishwa kitambaa kinachoficha mbao. Lakini usimjibu kwenye kundi. Hakuna ugomvi wa ndugu uliowahi kutulia kwa ujumbe ulioandikwa saa nne usiku.

Kakako, hata hivyo, ana haki kuhusu mti, na nataka uliangalie hili vizuri kwa kuwa umesema hukulielewa. Kulipa wapasuaji kulikupa haki ya kudai gharama ya upasuaji. Hakukukupa mti. Mti uliosimama kwenye shamba la Baba, ambalo hujasema kama limeshagawanywa, ni wa nyumba nzima, na mama yenu yuko hai. Uliupasua, ukauweka stoo, ukaupangia kazi, na wengine wakaja kujua kwenye WhatsApp. Nadhani hasira ya kakako ilianzia hapo, mchango ukawa mahali pa kuitolea. Mpigie umwambie hivi: upepo uliangusha mti wa Baba, niliwahi kuupasua usioze, mbao ziko kadhaa, naomba wewe na wenzetu mniruhusu nitumie chache kwa kiti cha Mama, zilizobaki tuamue pamoja. Zihesabu kabla ya kupiga simu ili usikosee mbele yake. Huenda wakasema zilizobaki ziwe meza ya Krismasi ya mwaka ujao, zikiwa zimekauka, na dadako akaja kukushikia ubao. Huenda wakataka ziuzwe. Yote mawili uyakubali.

Mkeo nimemweka hapa, ila katika nyumba yako awe wa kwanza. Aliposema naye ana mama, hakuwa anakulaumu kwa kumpenda wako. Anaona Jumamosi zako, pesa za nyumba na usingizi wa mtoto vikienda upande mmoja tu. Mwambie kwamba vumbi limetoka nyumbani, na kwamba kifaa chochote cha zaidi ya kiasi mtakachokubaliana hutakinunua kabla ya kuzungumza. Kisha muulize mama mkwe wako anahitaji nini. Labda ni kabati la vyombo, labda ni kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, labda mlango wa banda la kuku. Usimchagulie. Kiti cha Mama kikishakamilika, Jumamosi zinazofuata ni za huko, na tarehe aijue mkeo.

Jambo la mwisho ni la barabarani. Mbao kutoka shambani Vihiga kuja Kisumu zinahitaji kibali cha kusafirisha, na gari la mbao husimamishwa njiani. Pita ofisi ya shirika la misitu, KFS, ukiwa na barua ya chifu inayoonyesha mti ulitoka shambani kwenu, kabla hujakodi pikapu. Barua hiyo ya chifu mwombe kakako akaitafute yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba hiyo sasa.